Tochi ya Dokta Modesta

Hapa ni Mwanza, wasikilizaji wapendwa, na asubuhi hii tunamkumbuka Dokta Modesta Machibya, mzaliwa wa Kigongo, mtafiti wa makosa ya kibinadamu katika kazi za ndege. Nilitaka kuanza na sifa zake. Mwenyewe alikataa, katika barua aliyoiacha kabla ya kufariki.

Modesta alianza kazi kama fundi ndege. Siku moja, miaka ishirini iliyopita, tochi ilikutwa ndani ya injini ya ndege iliyokuwa karibu kuruka. Hakuna aliyeumia. Tochi ile ilikuwa ya Modesta. Aliisahau yeye. Lakini aliyesaini kwamba kazi ile imekamilika alikuwa mwenzake, Elias Owiti, na Elias akafukuzwa. Modesta akanyamaza. Jioni alipita madukani Kirumba, akanunua tochi nyingine ya rangi ileile.

Basi, aibu ile ndiyo iliyomrudisha shule. Akasoma saikolojia, shahada ya kwanza, ya pili, mpaka udaktari. Utafiti wake ulikuwa mmoja tu: kwa nini fundi mwangalifu hukosea, na kwa nini akikosea huficha. Jamani, nani angelijua jibu kuliko yeye? Aliwafundisha mafundi na marubani kuandika makosa yao bila woga. La kwake hakuliandika.

Elias aliishia kuuza dagaa Mwaloni. Mdogo wake Modesta, Luhaga, anasema dada alilikwepa soko lile kila alipokuja likizo. "Alikuwa anazunguka mbali, juani, sisi tunamcheka kwamba msomi anaogopa harufu ya dagaa."

Mwaka jana, tayari akiwa mgonjwa, akaenda. Akamwamkia Elias, shikamoo, akamweleza yote macho yakiwa chini. Elias alimaliza kufunga gunia lake ndipo akajibu.

"Mimi nilikuwa najua, Modesta. Waambie waliosikia jina langu."

Na waliosikia walisikia hapa. Wakati ule redio hii ilimtangaza Elias kuwa fundi mzembe, siku tatu mfululizo. Msomaji wa habari nilikuwa mimi. Hata kumtafuta tumuulize, hatukumtafuta. Naona haya kulisema.

Modesta alikusudia kuja studio mwenyewe, ugonjwa ukamwahi. Akamwachia Luhaga barua yenye haya yote, niisome mimi. Pole sana mama Dorotea, mama mzazi wa marehemu, pole Luhaga, poleni wana Kigongo. Nawe unayenisikiliza, jiulize ni nani amebeba kosa lako.

Kaka Elias, najua redio ya pale Mwaloni iko wazi saa hizi. Tochi haikuwa ya Elias Owiti. Narudia: haikuwa ya Elias Owiti. Nitasema hivyo kesho, na keshokutwa pia.