Saturnino Duku Hakuwa Mlevi

Ni wangapi kati yenu mliokusanyika hapa mliwahi kusema kwamba Mzee Saturnino Duku alikuwa mlevi? Msiinue mikono. Nauliza ili wasifu huu uanze na ukweli, kwa sababu mwenyewe alikuwa mtu wa ukweli, na kwa miaka mitatu alitembea katika mji huu akibeba jina ambalo halikuwa lake.

Mzee Saturnino alizaliwa mwaka 1926 karibu na Kajo-Keji, mtoto wa tatu wa mkulima Gune. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1940 baba yake alipofariki. Alijua kusoma, kuandika na kupiga hesabu, na hayo, aliniambia, yalimtosha mtu mwenye miguu mizuri.

Miguu hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mwaka 1945 aliajiriwa katika kikosi cha barabara ya Juba kwenda Yei, akapanda hadi kuwa mnyapara. Vita vilipotufukuza mwaka 1965 alivuka kwenda Uganda, akatengeneza barabara za upande wa Arua. Vijana wake walimwita Greda, kwa kuwa alitangulia mbele ya mashine na mara nyingi alifika kwanza. Alipima kwa hatua. Siku moja mhandisi alishikilia kwamba kutoka kambini hadi darajani ni maili mbili na nusu. Mzee akamwambia, "Bwana, ni mbili na robo. Nimetoka huko kunywa chai." Wakapima kwa mnyororo. Ilikuwa mbili na robo.

Alifunga ndoa na Mama Natalina tarehe 6 Januari 1951. Mama alimkubali kwa sharti moja, aache pombe. Nilipomwuliza Mzee kwa nini hakusita, alisema, "Chupa haigombi, lakini haicheki pia." Tangu siku hiyo hadi jana hakuonja tone. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mimi Albino, mpwa wake, nikawa wa nne nilipobaki yatima uhamishoni, na yeye ndiye aliyenisomesha hadi chuo.

Tulirudi nyumbani mwaka 1973, tukakaa hapa Juba, mtaa wa Malakia, tukisema kwa sauti kubwa kwamba tutajenga nchi. Mzee hakusema. Siku ya pili alikuwa barabarani.

Mwishoni mwa 1974 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Hatua zikafupika, sauti ikashuka, uso ukaacha kucheka hata moyo ulipocheka. Juni 1975 msaidizi wake, Igga, alipeleka taarifa kwamba mnyapara anakuja kazini amelewa. Mzee akaachishwa kazi bila mtu hata mmoja kumnusa. Hivyo ndivyo tulivyoanza kujenga nchi, kwa kumsukuma kando mtu aliyetutengenezea njia.

Februari 1976 daktari alitupa jina la ugonjwa: Parkinson. Ni ugonjwa wa ubongo. Si pombe, si uchawi, si adhabu. Dawa zilipatikana mara moja moja. Mtu aliyekuwa akitembea maili kumi na sita kabla ya adhuhuri sasa alikwama katika mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mama Natalina ndiye aliyegundua kwamba akiona mstari chini, anauvuka. Kila asubuhi akawa anamchorea mistari ya majivu kutoka kitandani hadi kibanda cha jikoni.

"Natalina, barabara hii inaishia jikoni tu," Mzee alilalamika.

"Huko ndiko kwenye kazi, Greda."

Akaenda. Akajifunza kushika chekeche la unga. "Mkono huu haujui kupumzika," alisema, "basi ufanye kazi." Tulikula unga laini kuliko nyumba zote za Malakia.

Kitu kimoja alikitaka: kumpeleka Keji, kitinda mimba wake, altareni kwa miguu yake, mbele ya hao hao waliomwita mlevi. Nilimshauri aketi, nimpeleke mimi. "Albino, umesoma sana," aliniambia, "lakini mtoto ni wangu." Tarehe 16 Aprili 1977, katika kanisa kuu la Kator, alikwama mlangoni. Wimbo uliimbwa hadi mwisho, ukaanzwa tena. Nyuma yangu mtu alisema, "Leo tena amelewa siko." Keji hakugeuka. Aliinua gauni kidogo, akaweka kiatu chake cheupe mbele ya mguu wa baba yake. Mzee akakivuka. Keji akakiweka tena. Hivyo ndivyo walivyofika altareni, na hakuna aliyecheka.

Kuanzia Januari mwaka huu kumeza kulikuwa kwa shida. Kifua kikashikwa na homa. Alifariki nyumbani jana, Jumanne tarehe 14 Machi 1978, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya Mama Natalina, umetulia.

Ameacha mjane, Mama Natalina; watoto, Fortunato, Teresina na Keji; wajukuu saba; na mimi. Mungu ampe pumziko ambalo miguu yake haikuwahi kuliomba.

Asubuhi iliyofuata, yaani leo, vijana walipokuwa wameanza kuchimba kaburi, Igga alikuja. Ameniomba mwenyewe niliandike hili na kulisoma akiwa amesimama hapa. Hakukaa kwenye mkeka. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Natalina.

"Mama, mimi ndiyo nilisema amelewa. Sikumnusa. Nilitaka kazi yake, na nikaipata."

Mama alimwonyesha kaburi kwa kidole.

"Koleo lile pale," alisema.

Igga alivua shati, akashuka kaburini. Fortunato alipotaka kumpokea koleo, alikataa. Alipofika kina cha kifua, Mama alikwenda ukingoni na glasi ya chai.

"Kunywa, Igga. Halafu unyooshe upande wa kulia. Huyu hapendi kazi iliyopinda."

Igga akanywa, akamrudishia glasi, akainama kuunyoosha.