Sindano, Mama wa Mapacha wa Kondo Moja

Ndugu waombolezaji, familia imemtuma mdogo wake marehemu, yule mnayemwita Wakili, ndiye huyu mbele yenu, awasomee maisha ya dada yake, na mkimwona anasitasita msimsaidie, mwacheni amalize mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1994, wa kwanza kati ya watoto wawili, akaanza shule mwaka 2001, akamaliza darasa la saba mwaka 2007, na mama yao alipofariki mwaka uliofuata, akakalia cherehani ya mama ili mdogo wake asome, na huyo mdogo akafika kidato cha pili akatoka zake, hakufukuzwa, alichoka tu kukaa.

Kazi yake mnaijua, kibarazani kwa muuza vitambaa, cherehani ya tatu kutoka mlangoni, miaka kumi na saba, mkamwita Sindano kwa ufundi wake na kwa mdomo wake pia, maana mteja akilalamika nguo inabana alimuuliza, "Imebana nguo, au umeongezeka wewe?", na mteja anacheka, anaiacha ipanuliwe.

Tarehe 9 Septemba 2017 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea mageti, na mwaka 2019 wakapata mtoto wa kiume, yule aliyekaa mapajani kwa baba yake.

Sasa sehemu inayofuata haimo kwenye karatasi ya familia, Wakili ameiongeza mwenyewe, na shemeji yake ataisikia leo kama ninyi.

Kwao kila karatasi ngumu hupelekwa kwa Wakili, iwe mkataba wa nyumba, iwe barua ya shule, na Wakili hajawahi kusema hajui, anasoma anachokijua, kilichobaki anajaza kichwani mwake, na kabla ya mwaka huu hakuna aliyeumia.

Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, mimba ikiwa ya wiki ishirini, Sindano alipigwa picha ya tumbo kliniki, wakaonekana mapacha, nesi mmoja ana watu korido nzima, akamwambia mengine yote yako kwenye kadi, naye akaenda moja kwa moja kibandani anapotengenezea simu mdogo wake, akaiweka kadi juu ya kioo, akasema, "Wakili, hebu soma, hawa wameandika kama kuku kaparura."

Iliandikwa mapacha, kondo moja la nyuma, vifuko viwili, na chini yake mbili, alama ya mkwaju, hamsini na mbili, na Wakili akajibu bila kupepesa kwamba kondo moja ni jambo zuri, "Wanakula sahani moja, hakuna wa kulala njaa," na hizo namba ni za foleni, wa pili kati ya hamsini na wawili, naye Sindano akaamini, kwa sababu kweli siku hiyo alikuwa wa pili mlangoni, akasema, "Nilijua tu nimewahi," akarudi kushona vigauni viwili vya njano.

Kumbe kwa maandishi ya hospitali namba hizo maana yake arudi baada ya wiki mbili, kwa sababu watoto wakitumia kondo moja mishipa yao inaweza kuungana humo, damu ya mmoja ikahamia kwa mwenzake, huyu akakaukiwa maji, yule akajaa kupita kiasi, na hali hiyo isipopimwa mapema haijulikani, na hata tumbo lilipovimba ghafla mume akataka kumpeleka hospitali, ni Wakili huyuhuyu aliyesema, "Shemeji, tulia, mapacha ndivyo walivyo."

Alifika hospitali tarehe 24 Machi, wiki ya saba tangu apewe kadi ile, na walipoletewa karatasi ya kukubali upasuaji mume akatoa kalamu, Sindano akamzuia, akasema, "Mpeni Wakili asome kwanza," Wakili akaishika, akasema, "Dada, sijui," naye akacheka, akidhani anataniwa, akatia sahihi.

Binti mmoja alitolewa ameshafariki, wa pili yuko hai, ana gramu mia tisa na arobaini, na mfuko wa uzazi uliokuwa umetanuka mno ukakataa kujikaza, damu haikukatika vizuri, marehemu akafariki Jumatano tarehe 26 Machi, saa nne asubuhi.

Familia inamshukuru daktari aliyetueleza yote haya polepole bila kumsuta mtu, manesi waliokimbilia damu, majirani waliopika na kufua, na mafundi wenzake waliofunika cherehani zao siku tatu, na kwa shemeji, Wakili haombi kitu, amesoma tu.

Kigauni kimoja cha njano kimo jenezani na binti mwenyewe, kingine kiko wodini kwa pacha wake, bado kikubwa sana kwake.

Pumzika kwa amani, dada, na kadi ya mwanao, mdogo wako hataisoma, ataishika mkononi mpaka mlangoni kwa nesi, asimame hapo, aulize.