Vitundu vya Mke Wake

“Vitundu vitatu tumboni ndiyo mtu ajiite mgonjwa? Hiyo si operesheni, mama, ni kutoboa masikio!” jamaa alimfokea abiria mwenzake kwenye teksi, fundi cherehani asiyemjua. Jamaa alikuwa anamfuata mkewe hospitali, aliyetolewa uvimbe wa kizazi kwa upasuaji wa kamera, na jioni hiyohiyo alitaka mke huyo apike.

Fundi akamtazama kama kitambaa kilichokatwa vibaya. “Nje vitundu, baba. Ndani wamekata, wameshona. Haya, na hilo shavu lililovimba?”

“Nimeng'olewa jino. Nimepewa mapumziko wiki nzima.”

“Pole, mzazi! Na jino limeacha vitundu vingapi?”

Dereva akacheka mpaka akakosa gia. Walipofika getini jamaa akashuka, akabamiza mlango, shavu kalishika kama yai.