Calist Ntandu na Njia ya Kisonga

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Ndugu Calist Ntandu, Mpima Ardhi Msaidizi, atarudisha tepu, nyundo na kofia ya halmashauri, na hapo atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi. Idara ya Ardhi imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu, walisema, masijala ndiko majalada yaliko. Ukweli ni kwamba kila aliyeombwa kabla yangu alidai amechoka. Nami nimechoka, ila masijala haina mlango wa nyuma.

Ndugu Ntandu alizaliwa Mungaa mwaka 1965. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991 kama kibarua wa kubeba vigingi, akapanda hadi kushika tepu, kisha hadi kuchora. Idara ilikuwa na pikapu moja, na siku aliporipoti aliambiwa inasubiri spea. Pikapu hiyo ipo hadi leo nyuma ya stoo, na kuku wa mlinzi wanatagia kwenye kiti cha dereva. Kwa hiyo Ndugu Ntandu alitembea. Vijiji arobaini na viwili vya halmashauri yetu amevipima kwa miguu, vingine mara mbili, katambuga za tairi miguuni na vumbi hadi kwenye nyusi. Asubuhi hakuwa mtu wa kuchekacheka. Ukimsalimia kabla hajanywa uji wake wa uwele, anakuitikia kwa kichwa tu, na usione vibaya.

Vijana waliokuja juzi na vishikwambi hawaijui kanuni yake ya umbali, hivyo niwaachie hapa. Mwanakijiji akikuelekeza kwamba kitu kiko “hapo”, ni dakika tano. Akisema “paleee”, ni nusu saa. Akisema “kuleee” huku ameinua kidevu, kaza kamba za viatu, maana ni saa nzima na ushee. Sisi wa ofisini tuliiazima. Mtu akija kuulizia barua yake tunamwambia iko paleee, naye anaelewa arudi wiki ijayo.

Mambo mazuri aliyoyafanya ni mengi, na mengi hayana hadithi. Mipaka ya vijiji vilivyokuwa vikigombania malisho imetulia kwa sababu yake. Alifundisha wapima wasaidizi tisa, na wote wamepanda vyeo kumzidi, jambo ambalo hakulisemea hata siku moja. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimeandika wasifu wa mtu mwingine. Ndugu Ntandu ninayemjua mimi ni wa mwaka huu wa mwisho, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa nisifiche.

Julai mwaka jana halmashauri ililetewa zawadi na parokia moja ya Uingereza iliyo rafiki na watu wa huku: kijitabu cha matembezi mepesi kuzunguka kijiji chao. Kina picha za kondoo, benchi la mbao, na kanisa lenye saa. Tulikipitisha meza kwa meza na kucheka hadi machozi. Watu wanatoka nyumbani, wanazunguka, wanarudi walikotoka, na hawajabeba hata kuni! Wakubwa wetu hawakucheka. Wakaagiza nasi tuwe na chetu, kwa ajili ya wageni, na kazi ya kuzikagua njia akapewa mwenye miguu.

Ndugu Ntandu alikisoma kile kijitabu kwa kamusi, jioni baada ya jioni. Kilichomshika si kondoo. Ni sentensi moja iliyosema njia hii inapita katikati ya shamba la ngano, na mwenye shamba haruhusiwi kuifunga, kwa kuwa imo kwenye ramani. Alinisomea mara tatu. Nilimwambia wenzetu wana nafasi ya kufikiria mambo hayo, nikaendelea kugonga mihuri.

Matembezi matatu ya kwanza aliyamaliza Agosti bila shida, akijaza fomu: umbali, muda, na kama njia ni rahisi, wastani au ngumu. La nne lilikuwa Kisonga. Wenyeji walimtajia njia ya zamani inayotoka penye nyumba, ikapita kati ya mawe makubwa, ikakata bonde na kutokea zahanati. Alitembea dakika kumi akakutana na waya. Uzio mpya, nguzo za chuma, na upande wa pili alizeti imesimama mistari.

Alipokuwa amesimama pale alitokea mama mmoja na mzigo wa kuni, akautua, akamwamkia. Ni Bi. Theresia, mkazi wa Kisonga. “Ndiyo njia yetu hiyo, mzee,” alimwambia. “Siku hizi tunazungukia korongoni, saa nzima na zaidi. Mimi nazunguka. Mama mkwe ndiye hawezi.” Mama mkwe ni Bibi Rebeka, mgonjwa wa presha mwenye nyonga mbovu. Kwenye bodaboda hakai, na wauguzi hawatoi dawa bila kumpima kwanza. Huo ulikuwa mwezi wa tatu hajafika zahanati.

Kesho yake Ndugu Ntandu alikuja dirishani kwangu akaomba jalada la Kisonga la mwaka 2007. Alilisoma amesimama. Kwenye karatasi ya tatu ya vipimo, kwa mwandiko wake na sahihi yake, pameandikwa: “Upande wa mashariki hakuna njia.” Akavuta kiti, akakaa. Nilimpa maji hakuyanywa.

Alinieleza siku hiyohiyo. Mwaka 2007 vijiji vilikuwa vikichorewa mipango ya ardhi mbiombio, na Kisonga kilikuwa cha tano kwa wiki moja. Jua limeshainama, tumbo lina uji wa asubuhi tu. Pembezoni mwa nyumba alimkuta binti akifagia uwanja, akamuuliza kama upande ule kuna njia na inatokea wapi. Binti akainua kidevu: ipo, inatokea kuleee. Kwa kanuni yake hiyo ni saa ya kwenda na saa ya kurudi. Akaandika hakuna, kwa nia ya kurudi kurekebisha. Hakurudi. Na yule binti, kama tulivyokuja kujua, alikuwa bibi harusi wa wiki tatu, ametoka kwao Nduguti, hajapazoea. Kwake yeye hata kisima kilikuwa kuleee. Njia yenyewe ni dakika ishirini.

Kuanzia hapo hakuna mwingine aliyekosea. Mwaka 2019 kijiji kilimgawia Bwana Rajabali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, eneo la kulima alizeti. Taratibu zote zilifuatwa, mchoro ukatazamwa, njia haimo. Ng'ombe walipozidi kumlia mazao akazungusha waya. Ndugu Ntandu alimfuata dukani. Bwana Rajabali alimpa soda na jibu lililonyooka: “Nikifungua kwa maneno tu, kesho ng'ombe wote wa kata wanapita. Nionyeshe njia kwenye mchoro wenye muhuri, mzee wangu, nami nitakata waya kwa mkono wangu.”

Mchoro haurekebishwi hivihivi. Unahitaji mkutano mkuu wa kijiji, na tamko la mpimaji aliyepima, akiwa bado mtumishi. Akishastaafu, maneno yake ni maneno ya mzee wa Mungaa tu. Alibakiwa na miezi kumi. Kuna waliomshauri kwa upole aandike kwamba njia ilizuka baadaye, asijichafue mwishoni. Lakini njia iliyozuka baadaye haimlazimishi mwenye shamba kitu chochote, na Bibi Rebeka angebaki ndani na presha yake. Aliwajibu kwamba ameshaandika uongo mmoja kuhusu njia ile, unatosha.

Mkutano uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Mara ya kwanza mvua, mara ya pili msiba. Kila mara tulirudi na jalada letu, mimi nikinung'unika na yeye akisugua goti. Mwezi Machi watu wakatosha. Ndugu Ntandu alisimama mbele yao na kofia mkononi, na upepo ulivyokuwa mkali ilibidi apaze sauti. “Njia ilikuwepo,” alisema. “Sikuitembea. Nilichoka.”  Sijawahi kumsikia mtumishi akisema neno hilo mbele ya wananchi.

Bi. Theresia alinyanyuka katikati ya akina mama. “Aliyesema kuleee ni mimi,” alisema. “Nilikuwa mgeni. Hilo kosa nigawieni na mimi.” Ndugu Ntandu alitikisa kichwa. “Hapana, mama. Kazi yangu ilikuwa kutembea, si kusikiliza.” Hapo Bibi Rebeka, aliyekuwa kwenye kigoda pale mbele, akagonga fimbo yake chini. “Jamani, pigeni kura,” alisema. “Na mimi nimechoka kukaa.” Kicheko kikapasuka, mikono ikanyooka juu.

Barua ya onyo ilifika Aprili. Niliigonga muhuri mwenyewe na kuiweka kwenye jalada lake, na nasema wazi kwamba iliniuma. Miaka ishirini na saba nimefungua majalada manene ya watu waliodanganya hadi wakastaafu kwa shangwe, na hayana barua ya namna hiyo hata moja. Yeye aliisoma, akaniomba niitoboe sawasawa isije ikachanika.

Mchoro mpya ulipigwa muhuri tarehe 5 Juni. Jumamosi ya tarehe 14 Bwana Rajabali alikuja na koleo la waya, akakata. Akasimika nguzo za kona kwa kona, mtu anapita akijipinda, ng'ombe hapiti. Bibi Rebeka alikuwa wa kwanza. Alipita taratibu, fimbo mbele, Bi. Theresia nyuma yake na kadi ya kliniki, wakashika bonde. Tuliwaangalia mpaka walipofika kwenye bati la zahanati. Wengine tulishangilia. Ndugu Ntandu hakwenda nao. Alikaa juu ya jiwe, akavua katambuga, akasema goti limekataa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliomba arudishwe kwa pikipiki.

Tunamshukuru mkewe, Mama Deo, aliyemkanda miguu hiyo kwa maji ya moto miaka yote tukiitumia sisi. Tunamshukuru yeye kwa vigingi, kwa michoro, na kwa ile siku ya Machi.

Ndugu Ntandu, nenda salama Mungaa kwenye mbuzi wako. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana, na jirani asiye na mgogoro wa mpaka. Ukichoka, kaa chini kama watu wengine. Hakuna njia tena inayokungoja wewe.

Asnath Hango
Masijala