Adelheid Brömmel, Aliyeshona Bendera ya Mji Wetu

Marehemu Adelheid Brömmel alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Hasselbrunn, binti wa pili wa mhunzi Rottkamp. Alisoma shule ya mji hadi mwaka 1955, kisha akajifunza ushonaji.

Mwaka 1963 alifunga ndoa na Gernot Brömmel wa Lohwede, ng'ambo ya mto. Enzi hizo msichana wa huku kuolewa kule lilikuwa jambo la kununiwa. Miji hii ilipounganishwa mwaka 1974, nembo nazo ziliunganishwa: korongo wetu upande wa mlingoti, gurudumu lao la kinu cha maji upande wa nje. Kwa kuwa Marehemu alikuwa na ndugu pande zote mbili, bendera alipewa yeye aishone.

Upepo huchana bendera upande wa nje. Kila Aprili Marehemu alikata palipochanika na kupinda upya, na kila mwaka gurudumu lilizidi kuukaribia ukingo.

"Shemeji, mnatumeza taratibu," Detlef, mwoka mikate, mdogo wake Gernot, alimlalamikia Marehemu. "Mwakani tutabaki na robo gurudumu."

"Nenda kamwambie upepo," Marehemu alimjibu.

Hata hivyo alilifumua gurudumu, akalisogeza ndani. Watu wa huku nao wakalalamika kwamba korongo amebanwa. Ikawa hivyo miaka yote, watu wakinuna kwa zamu. Halmashauri ilipoleta bendera ya kiwandani, pande zote zilikubaliana kwa mara ya kwanza: korongo alifanana na bata. Ikarudishwa, na kazi ikarudi mezani kwake.

Gernot alifariki mwaka 2009. Baadaye vidole vya Marehemu vilikakamaa kwa baridi yabisi, kisha moyo ukachoka. Aprili hii alilifumua gurudumu, akashindwa kulirudisha.

"Nimewashona miaka hamsini," alimwambia binti yake, Roswitha, hospitalini. "Nikifa gurudumu likiwa mezani, watasema nimewafukuza."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025.

Juzi Detlef alikuja na sindano. Roswitha alishika kitambaa, yeye akashona, na kushona hajui. Gurudumu limekaa upande, karibu limgonge korongo mguu. Hakuna aliyenuna. Ndiyo bendera mnayoiona leo nusu mlingoti.

Marehemu ameacha binti, Roswitha, mjukuu, Henrike, dada, Lieselotte, na shemeji, Detlef.

Mikono yake imepumzika. Naye apumzike kwa amani.