Kamba ya Mzee Masese

Benchi la Kemuma, mwuza chai wa hapo Gesima, jirani na kituo cha kupimia majani chai, halikosi Mzee Masese, ambaye wenzake humwita Waziri. Jioni hiyo kichwa chake kilikuwa juu, na si bure. Kesho wazee wangevuta kamba ya katani katika ekari zake mbili, kila mwanawe asimame penye fungu lake, kisha ipandwe miti ya mpaka. Wana wa kiume wanne, mafungu manne. Baba gani Nyamira asingejivuna? Kemuma akamimina chai, na Haron, aitwaye Profesa kwa sababu dada yake ni nesi huko Ireland, akaanza kumharibia raha.

— Waziri, hata Ireland walikuwa wanagawa hivyo. Baba anagawia wana wote, shamba linabaki viraka. Wakategemea viazi. Viazi vikaoza, njaa ikaua watu, wengine wakapanda meli wakaenda.

— Na sasa?

— Sasa shamba anaachiwa mmoja. Dada yangu anasema unatembea asubuhi nzima, ni nyasi na ng'ombe tu. Nyumba za mawe, ndani hakuna mtu.

Masese alicheka hadi chai ikamwagikia goti.

— Viazi! Hawakuwa na obokima, ugali wetu? Mtu wa ugali hakimbii shamba. Sisi tumejaa mpaka juu ya vilima vya Manga, na bado tunazaa!

Ochoki wa boda boda, Satelaiti kwa jina la benchi, akadakia.

— Wapelekewe Mkisii mmoja kila kijiji. Miaka kumi tu, migomba mpaka baharini!

— Na ng'ombe wao? — Masese akauliza.

— Watafungiwa bandani, waletewe majani kama wagonjwa.

— Na hapa ardhi ikiisha? — Haron aliuliza.

— Tunajenga shamba la ghorofa! Chini chai, katikati ndizi, mahindi kwa paa. Haba na haba hujaza kibaba, Profesa.

— Hiyo methali ni ya kuongeza, si ya kukata.

— Wewe kunywa chai.

— Chai yangu! — Masese akajipiga kifua. — Miaka sita karani wa kituo hajarudisha jani langu hata moja kwa ubovu. Nani mwingine Gesima?

Hakuna aliyebisha, maana ilikuwa kweli. Ndipo Kwamboka, binti yake, akatoka kituoni na kikapu kitupu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu. Tangu kaka zake wahamie Nairobi na Nakuru, miaka sita, ni yeye aliyepalilia na kuchuma. Akawasalimu wote kwa heshima.

— Taata, kesho kamba ikivutwa, mimi nisimame wapi?

Haron akachungulia kikombe chake. Masese alimpenda sana binti huyu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliona aibu.

Kwamboka hakuondoka. Alishusha kikapu chini, akasimama mbele ya baba yake akingoja jibu.