Anasimamiwa na Daktari

"Kwa hiyo mwanangu aendelee kulia ili kanuni zisiumie?" mama aliyebeba mtoto alimuuliza mwanamume mwenye tenga la mananasi. Tulikuwa kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Mwanza. Mtoto alikuwa na jipu kwapani, na tabibu msaidizi wa zahanati iliyo juu ya kilima alikuwa amekataa kulipasua.

"Amefanya sawa, mama. Leseni yake inamtaka asimamiwe na daktari. Kwapani pana mshipa mkubwa. Akiukata, utamlaumu nani?"

"Huyo daktari. Tunamjua kwa jina tu, limebandikwa mlangoni. Dokta Renatus. Labda ni malaika."

Mwanamume akaanza kulitazama ziwa kwa makini, kana kwamba ameagizwa kulilinda. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amejitambulisha kwangu kwa jina hilohilo, akanieleza kwamba kila Jumamosi huvuka kuja kusimamia shamba lake.

Mimi si mtu wa kunyamaza. "Dokta Renatus," nikasema, "unatajwa."

Mama akamtazama, kisha akayatazama mananasi. "Haya yamesimamiwa vizuri," akasema.

"Mwanza kuna hospitali kubwa, mama."

"Na hapo juu kuna wembe, dawa na tabibu. Umekosekana wewe tu."

Kivuko kikatia nanga na geti likafunguliwa. Mama akatoka kwenye foleni, akaanza kupanda kilima. Daktari akasimama kidogo, kisha akamfuata, huku akimweleza kwamba kanuni bado ni sahihi.